Iulize Bei Ilipolala

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyorudishwa Lodwar na karatasi yangu mkononi, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Usicheke bado. Subiri kwanza usikie.

Ulikuwa mwaka wa 2013, mwezi wa kumi na moja, miaka arobaini na zaidi sasa, na mimi nilikuwa msichana wa Kanamkemer, kando ya mji wa Lodwar, niliyejiona nimefika. Nilikuwa na kazi katika ofisi moja pale Lodwar, kazi ya kukusanya bei za mbuzi na ngamia kutoka minadani na kuzichora kwa kompyuta. Tulitumia programu ya takwimu inayoitwa R. Unaiandikia amri, mstari kwa mstari, nayo inatii. Ukitaka ifanye jambo jipya, unapakua kifurushi, yaani amri ambazo mtu mwingine amekwisha kuziandika, unakiongeza humo na kazi inakuwa nyepesi. Niliipenda kazi ile. Wenzangu wengi wa rika langu walikuwa wameolewa au wamehamia Kitale, na mimi nazungumza na mashine inanijibu. Nilivimba kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Kakuma nilikuwa na rafiki, Majok, kijana wa Sudan Kusini tuliyesoma naye sekondari. Mama yake tulimwita Mama Achol, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa na duka katika kambi ya wakimbizi, la unga, sukari, mafuta na sabuni. Alilianza kwa kuuza chai chini ya turubai, akaongeza rafu moja, akaongeza nyingine, mpaka likapata mabati na mlango wa kufuli. Baba wa watoto alikuwa amekufa zamani vitani. Achol mwenyewe alikuwa amerudi kwao ng'ambo ya mpaka nchi ilipopata uhuru, akaolewa, akazaa. Mama alibaki na Majok, wadogo zake wawili, na duka.

Mwaka huo Majok alikuwa hazungumzi ila bitcoin. Ndiyo kwanza watu wa kwetu walikuwa wanaanza kulisikia neno hilo: sarafu isiyoshikika wala kutiwa mfukoni, inayokaa kwenye mtandao tu, na bei yake inapanda kila kukicha. Jirani mmoja mfanyabiashara alikuwa tayari kulinunua duka pamoja na rafu zake. Majok alitaka mama akubali, na fedha yote iende kwenye sarafu hiyo. Mama hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema ataamua akiisha kuona kwa macho yake hiyo bei ilivyotembea. Basi Majok akanipigia simu.

"Wewe ndiye unajua hizo maneno za kompyuta," aliniambia. "Tuletee picha yake. Mama ataamini wewe kuliko mimi."

Neno hilo la mwisho lilinilevya. Mtu mzima, mwenye duka, ataniamini mimi.

Nilitafuta kifurushi cha kuvuta bei za zamani kutoka mtandaoni, nikakipata. Wakati huo mtandao wa Lodwar ulikuwa wa kubembeleza, lakini siku hiyo haukuringa. Niliandika mstari mmoja tu: jina la sarafu, na kwamba naitaka kwa dola. Tarehe na bei zikamiminika kwenye kioo, nikaziamuru zijichore. Mstari ukatoka chini kushoto, ukapanda kulia, ukapanda tena, haukuwa na kona. Nilichapisha ile picha kwa rangi kwenye mashine ya ofisi, na Jumamosi nikadandia lori la mahindi lililokuwa likienda Lokichoggio. Nilishuka Kakuma vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, karatasi yangu ikiwa safi ndani ya bahasha.

Mama Achol alinipa maji. Alinipa kiti. Halafu akaanza kuniuliza habari, taratibu, kama alivyokuwa akifanya siku zote: nimetoka na nani, njia ikoje, mto umejaa, tumekutana na nani barabarani, mvua imenyesha wapi. Nilimjibu kwa mkato. Majok alikuwa amesimama mlangoni akinikonyeza nifanye haraka, na mimi mwenyewe niliwashwa kuitoa ile picha. Nilipoona amemeza chai, nikaifungua bahasha na kumwekea karatasi magotini.

Aliitazama kwa muda mrefu, mwanangu. Akauliza upande upi ni leo na upande upi ni zamani, nikamwonyesha. Akapitisha kidole juu ya mstari kutoka kulia, akirudi nyuma na kushuka, mpaka akafika kwenye ukingo wa kushoto. Hapo kidole kikasimama.

"Binti, hii barabara inaanza hapa," alisema. "Kabla ya hapa ilikuwa wapi?"

Nikamwambia hapo ndipo bei zinapoanza.

"Ni bei ndiyo inaanza hapa, ama ni macho yako ndiyo inaanza hapa?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja, nikapewa nilichopewa, nikashukuru. Majok akadakia kwamba mambo ya zamani hayana kazi, cha maana ni inakokwenda. Mama yake hakumtazama. Alinitazama mimi, na hakupandisha sauti.

"Nimekaa na nyinyi Waturkana miaka mingi," alisema. "Mtu akifika kwenu mnampa maji, mnamuuliza alilala wapi. Hata sisi kwetu iko hivyo. Leo umeniletea mgeni ndani ya nyumba yangu, unataka nimpe duka yangu yote, na wewe mwenyewe hujamuuliza alilala wapi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Unajua nilivyolelewa? Baba yangu alikuwa mchungaji wa mifugo upande wa Lokiriama, mpakani na Uganda. Huko mgeni hafiki tu akasema alichokuja nacho. Anakaa, anakunywa, halafu anaulizwa alilala wapi jana, na juzi, na kisima kipi kina maji, na nyayo za nani ameziona njiani. Anaisimulia safari yake kwa kurudi nyuma, kituo kwa kituo, na wazee wanasikiliza bila kumkata. Siyo umbeya. Anayeruka kituo katika masimulizi yake ana sababu ya kukiruka: huenda hapo pana ugonjwa wa mifugo, au ng'ombe anaowaswaga si wake. Wazee waliokoa mazizi yao kwa swali hilo moja. Mimi nililijua tangu nikiwa na meno ya maziwa, nikaliacha nje ya mlango wa ofisi siku nilipoajiriwa. Nilidhani kompyuta haiulizwi, inaaminiwa.

Ndivyo nilivyorudi Lodwar. Majok alinisindikiza mpaka barabarani, na lilipokuja lori alisema tu kwamba tukichelewa, bei itakuwa imeenda.

Jumatatu nilifungua maelezo ya kile kifurushi, yale ambayo hakuna anayeyasoma. Nikayasoma. Yalikuwa yamesema wazi, bila kificho: usipotaja tarehe ya kuanzia, utaletewa siku za karibuni tu. Mashine haikuwa imenidanganya. Sikuiuliza, haikunijibu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami siku hiyo niliongeza langu moyoni, kwamba njia ya asiyeuliza nayo ni fupi vilevile.

Nikaandika amri upya, na tarehe ya kuanzia nikairudisha nyuma kadiri soko la sarafu ile lilivyokuwa na kumbukumbu. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Mwishowe zikaja. Nikazichora, na hapo, mwanangu, nikapata mtihani wa pili ambao sikuutarajia. Bei ya mwezi ule ilikuwa imepaa mno, hata ya nyuma yote ikalala chini kama uwanja wa ndege wa Lokichoggio. Ungeitazama picha ile ungesema hakuna lolote lililotokea kabla. Ningeweza kuipeleka hivyo na nisingekuwa nimeficha kitu. Lakini swali la yule mama lilikuwa linaniwasha. Nikabadilisha kipimo cha picha, ili bei ikipungua nusu ionekane imepungua nusu, iwe ilikuwa ndogo au kubwa. Hapo ndipo makorongo yalipojitokeza. Miaka miwili nyuma bei ilipanda kwa fujo, kisha ikaporomoka ikabaki kidogo sana. Aprili ya mwaka uleule ilipanda tena, na ndani ya siku chache ikaanguka zaidi ya nusu. Nilikaa nikiitazama, na nikaogopa. Nilikuwa nimekaribia kumpokonya mjane duka lake kwa karatasi ya rangi.

Safari hii nilipofika Kakuma nilijibu habari zote za njia, moja baada ya nyingine, na sikuitoa bahasha mpaka nilipoulizwa. Mama Achol akapitisha kidole kama mara ya kwanza. Kwenye lile korongo la zamani zaidi akasimama, akauliza waliokuwa wamenunua pale juu walikaa muda gani mpaka bei iliporudi kwenye kimo kile. Nikamwambia karibu miaka miwili.

"Lakini mama, ilirudi," Majok alisema. "Angalia. Ilirudi na ikapita."

"Naona imerudi," alisema mama. "Imerudi kwa mtu iko na chakula ya kungojea. Sisi tutakula nini miaka mbili?"

Mama akaikunja karatasi vizuri, akairudisha kwenye bahasha, akamwambia Majok duka haliuzwi. Baiskeli yake ni mali yake mwenyewe, akitaka aiuze na fedha yake aipeleke huko, hatamzuia wala hatamcheka. Majok akaiuza wiki hiyohiyo, na kwa siku kadhaa alitembea kwa miguu akitabasamu. Disemba bei ikageuka, na tabasamu likaenda nayo.

Ningekuwa naishia hapo ungesema bibi amependelea hadithi yake. Sikia kilichofuata.

Disemba hiyohiyo vita vililipuka ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini. Simu ya Achol ikawa haipatikani. Kila lori lililotoka mpakani Mama Achol alilitazama, na duka alilifungua asubuhi na kulifunga jioni. Siku za mwisho za mwaka nilikuwa nimekwenda kuwajulia hali. Mchana wa jua kali ndipo Achol alipoingia, mtoto mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na nyuma yake watoto wengine wanne wa jamaa na jirani zao ambao mama zao hawakuonekana. Miguu yao ilikuwa imepasuka. Mama yake hakulia. Aliwapa maji. Akatazama nyuma kwenye rafu, akamwita Majok, na Majok akashusha gunia la unga bila kuambiwa lipi. Nikapika uji. Walipokwisha kunywa, mama akakaa chini mavumbini mbele ya binti yake, akamshika miguu, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Ulilala wapi?"

Achol akaanza kusimulia, akirudi nyuma kituo kwa kituo, na alipofika kituo kimoja akashindwa kuendelea. Hakuna aliyemkata, hakuna aliyemharakisha. Duka lile liliwalisha watoto wale mpaka kadi zao za chakula zilipotoka, na hata baadaye.

Sasa nikwambie ukweli wote, maana nikikuficha nitakuwa nimekuchorea picha fupi. Bei ile ilirudi. Ilichukua miaka, lakini ilirudi, ikapanda kuliko mlima wowote niliowahi kuuchora. Majok siku hizi anaishi nchi ya baridi na nywele zake ni nyeupe kama zangu, na akinipigia simu hunitania kwamba karatasi yangu ilimnyima utajiri. Huwa tunacheka sana. Halafu husema, "Lakini Achol angekunywa nini siku ile?" Na hapo tunabadilisha mazungumzo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike. Namba ni mgeni. Usimfukuze, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekula kwa namba maisha yangu yote. Lakini akifika, muulize alilala wapi kabla ya kumpa godoro. Chombo chochote utakachopewa, hata kiwe na akili kuliko zako, kiulize kimeleta nini na kimeacha nini, kwani usichokiuliza hakitakwambia. Usiianzishe hadithi pale tamaa yako inapoanzia. Na unapompelekea mtu picha ya kesho, kumbuka kwamba yeye anakula leo, uulize kama ana chakula cha kungojea. Na mzee akikusimamisha kwa swali moja usilolijua jibu lake, usione haya kurudi na lori ulilojia. Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonifanya mtu.

Nenda sasa, jua linapoa. Akuj, Mungu wa baba zetu, akutangulie kwenye kila kisima. Kila utakapolala pawe mahali utakapoweza kupasimulia bila kuruka kituo. Na ukifika kwa watu umechoka, akujalie mwenyeji wa kukupa maji kwanza, ndipo akuulize.