Shingo Ambayo Haikuchomwa

Siku hiyo tulikuwa watano kibandani kwetu, pembeni mwa mji wa Garissa: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa mgonjwa, kitinda mimba wetu, abti ambaye ni ndugu wa mama yetu, na mzee mchomaji, mganga anayetibu kwa chuma cha moto, aliyekuja na lori la mifugo kutoka Ijara, vyuma vyake kwenye gunia. Wazazi tulikuwa tumeshawazika. Mimi niliacha shule nikauza maziwa sokoni, wadogo zangu wapate kula.

Mdogo wangu alikonda ingawa alikula kutushinda sote. Mikono ilimtetemeka, moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala, na shingo ilimvimba. Vidonge vya hospitali alikuwa amevimeza wiki mbili, hali ikawa ile ile.

"Abti," mjomba akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "dawa yako imelala. Chuma hakilali."

"Nikichoma mimi, hata ngamia mtoro hutulia," mzee akasema.

"Mimi si ngamia," mdogo wangu akajibu, ameishika shingo kwa mikono miwili.

Kwetu kuchoma ni tiba yenye heshima. Mimi mwenyewe nina makovu tumboni. Lakini kazi ya chuma huonekana papo hapo, na kidonge nacho tulikipima hivyo hivyo. Nikawaeleza alivyonieleza daktari: tezi ya shingoni inatengeneza homoni kupita kiasi, nayo ndiyo inayoukimbiza moyo. Kidonge huizuia tezi kutengeneza nyingine. Ile iliyokwisha kuwekwa akiba hakiigusi.

"Ni kama kuacha kukamua, abti. Maziwa yaliyomo kibuyuni yatanywewa kwanza mpaka yaishe."

Nikaongeza kwamba akishikwa na homa au koo likimuuma, aviache vidonge na tumkimbize hospitali apimwe damu, kwani dawa hiyo huweza kumwondolea kinga ya mwili.

"Na akifa kabla kibuyu hakijaisha?" mjomba akauliza.

Chuma kilikuwa chekundu tayari. Nikaketi kati yake na mdogo wangu, sikuinuka.

Mzee alinitazama, kisha akakichomeka chuma mchangani. "Wallahi, binti, una kichwa kigumu. Mchomaji akiitwa akarudishwa, hupewa kondoo. Anayenirudisha ni wewe."

Kila alfajiri nilimwekea mdogo wangu kiganja kifuani, nikiogopa. Mwezi wa pili wa vidonge ndipo mapigo yalipoanza kupungua. Kufikia hapo ukame ulikuwa umemhamisha mzee na mifugo yake, na kila niliyemuuliza hakujua alikoelekea. Kondoo wake sijampa hadi leo.