Michirizi ya Sabina

Pale ufukweni Igombe nyavu zikitandazwa zikauke, kila mtu huruka akapita. Mhoja peke yake alikuwa akizizunguka, beseni la dagaa kichwani, jua limemkalia. Waliomcheka hawakujua nani alimfundisha adabu hiyo.

Aliharibikiwa mimba mbili za kiume, kisha akamzaa Sabina, mtoto aliyetoka na malengelenge yaliyojipanga kwa mistari. Yalipopona yaliacha michirizi ya kahawia, imejikunja kiunoni na mapajani kama mawimbi. Machibya, mumewe, mvuvi, alisema hizo ni alama za wavu: mkewe ameruka nyavu zake akiwa na mimba, ndiyo maana hata dagaa wamemkimbia. Mama mkwe akaitikia. Mhoja akafukuzwa na kichanga mgongoni, na Machibya akaoa mwingine kabla mahindi hayajakomaa. Dagaa hawakurudi, ila hilo hakuna aliyelisema.

Mhoja alimlea binti kwa mikono yake. Sasa Obedi, fundi wa kuchomelea wa Igoma, alitaka kumwoa. Mhoja aliogopa jambo moja tu: mwanawe aolewe, aonekane mwili, kisha arudishwe kama alivyorudishwa yeye. Kwa hiyo alimpeleka kwa daktari wa ngozi mjini, akauliza, akauliza tena, mpaka akaelewa.

Siku ya posa Obedi alikuja na shangazi yake, Paskazia, mwenye mdomo wa kuogopwa. Soda zilipofunguliwa, Mhoja hakusubiri kuulizwa.

“Dada, binti yangu ana michirizi mwilini. Sikilizeni inakotoka.”

Akawaeleza kwamba mtoto wa kike huanza akiwa seli chache ambazo hazijachagua kazi. Yoyote inaweza kuwa jicho, ini au ngozi. Wakati huo kromosomu zake mbili za X, ya baba na ya mama, zote ziko macho. Seli zikianza kuiacha hali ile ya kuweza kuwa chochote, kila moja huilaza X moja, na seli zote zitakazotoka kwake zitailaza ileile. Sabina ana X moja yenye kasoro. Michirizi ni njia walizopita watoto wa seli zilizoiacha hiyo macho, ngozi ilipokuwa ikikua.

“Ilitoka kwangu,” akasema, akapandisha kitenge kuonyesha mistari myeupe iliyofifia mguuni. “Mvulana ana X moja tu. Akiipata hii, hana nyingine ya kumsaidia. Ndivyo wangu walivyoniponyoka, na wa Sabina huenda baadhi wakaponyoka. Hakuna aliyeruka wavu.”

Hilo la wana wa kiume wa Sabina angeweza kulimeza, na nani angejua? Sabina alikuwa ameinamisha kichwa. Paskazia aliizungusha chupa yake.

“Na sisi kwetu wanaume wote hupata upara mapema,” akasema. “Hatukupanga kuwaambia.”

Obedi akajishika kichwa bila kujua.

“Wewe, umesikia yote?” shangazi akamuuliza.

“Nimesikia, shangazi. Nimekuja kwa Sabina.”

Walipoondoka, Mhoja alikumbuka dagaa wake aliowaanika hawajageuzwa. Akashuka ufukweni. Nyavu za watu zilikuwa zimetandazwa njia nzima. Akakusanya kitenge mkononi, akaziruka, akaenda kufanya kazi yake.