Kibubu cha Zuhura

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, shuleni Kawe, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki, akavitazama viatu vyangu vya visigino, akasema, "Binti, hapa hisabati wanaiogopa kuliko fimbo. Watoe woga, mengine yote nitakusamehe." Nikacheka. Mwenyewe hakuwa anatania.

Ninyi mnaofundisha leo mna projekta. Sisi tulikuwa na ubao, na mfano wowote uliookotwa mtaani. Nilipohamishiwa Vingunguti, mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa masomo, alitaka milinganyo ya mistari niifundishe kama ilivyo kitabuni, kwa akaunti za benki. Wanafunzi wa pale, benki waliiona kwa nje tu! Nikatumia kibubu, lile sanduku la mbao lililopigiliwa misumari pande zote, lenye tundu la kutilia hela. Hakifunguliwi mpaka siku ya kukivunja, kwa hiyo anayetaka kujua kilichomo lazima akokotoe: y = mx + c. Kilichomo ni y, idadi ya wiki ni x. Unachotia kila wiki ni m, ndio mteremko wa mstari, na ulichoanzia ni c.

Zuhura wa kidato cha nne aliidaka mara moja. Mama yake aliuza supu ya utumbo jirani na machinjio, naye alimsaidia kwa ujira mdogo. Alianza kibubu chake na elfu ishirini, akawa anatia elfu tano kila wiki, apate kwenda chuo cha uuguzi. Kwenye grafu yake, mstari ulifikia gharama za kujiunga kabla chuo hakijafunguliwa. Aliibandika juu ya kitanda.

Siku ya kuvunja walinialika. Mama Zuhura alinipa supu, lakini yeye hakukaa. Zuhura akapiga nyundo, akahesabu, akarudia. Hela haikufika hata nusu ya ile ya kwenye grafu.

"Madam, nimekosea wapi?"

Nikaipitia grafu yake. Haikuwa na kosa. Kisha nikaokota kipande cha mbao chenye lile tundu: kingo zake zilikuwa zimechubuliwa kwa kisu. Nikainua macho, yakakutana na ya mama yake. Mwaka ule biashara ya supu ilikuwa imedorora, na nyumbani watoto walitaka kula. Alinitikisia kichwa kidogo, kuniomba.

"Madam?"

"Tutaipitia tena," nikasema.

Hatukuipitia. Chuo kikafunguliwa bila yeye. Mwaka uliofuata nilimwendea kumsihi aanze upya, akanijibu kwa adabu, "Madam, mie hesabu sina kichwa nazo. Na nesi anapima dawa. Si nitaua watu?"

Sasa nimestaafu, na watu hunisifu kwa wale waliofika vyuo vikuu. Mimi humuwaza huyu mmoja. Mama yake alistahili kusitiriwa, sikatai, lakini aliyeumia ni mtoto, na jambo hilo linanichoma hadi leo.

Zuhura ndiye anayeuza supu sasa, palepale. Mama yake, mzee siku hizi, hukaa nyuma akiosha bakuli, na nikifika hainui uso. Nikishalipa, Zuhura hunipa chenji kwa mikono miwili.

"Shikamoo Madam. Ihesabu mwenyewe, mie sijiamini."

Naihesabu mbele yake. Haijawahi kupungua hata shilingi.