Likizo ya Mtu wa Maporomoko

Simu yangu ilianza kunionyesha visiwa. Bahari ya buluu, minazi, mzungu amelala mchangani anakunywa kitu chekundu. Eti visiwa vya nchi za joto kwa bei nafuu! Nikacheka peke yangu pale Simi-Simi, mtaa wetu wa Kisangani. Ikweta inapita karibu na mlango wetu, mto wetu una visiwa ambavyo hakuna aliyewahi kumaliza kuvihesabu, halafu nikatafute likizo mbali? Siku hiyohiyo nikaamua: Julai, shule ikifungwa, nampeleka papa, baba yangu, kisiwani.

Papa alikuwa mvuvi wa maporomoko ya Kisangani, kama baba yake. Alipanda magogo yaliyosimikwa juu ya maji yanayonguruma, akashusha mtego wa fito mkubwa kuliko mlango wa nyumba, akaupandisha na samaki ndani. Mwaka uliopita aliteleza, akavunjika nyonga. Ilipona, lakini kaka zangu wakamkataza kurudi. Tangu hapo alikaa uani akisuka mitego ambayo hakuna aliyeiomba, na maneno yakazidi kumpungukia. Niliogopa. Nimeshaona wazee wanaokufa hivyo, wakiwa wameketi.

Mwalimu mwenzangu ni mzaliwa wa Isangi, na ndugu zake wana kambi ya uvuvi kwenye kisiwa kimoja, ukishuka na mto baada ya kijiji cha Yanonge. Nilipomweleza, alinishika mikono yote miwili.

"Mukuje! Hoteli ya nini? Mulete chumvi, sabuni na sukari ya kupatia benye kambi, basi. Nyumba iko, samaki iko, na ndege banaimba asubuhi mpaka masikio inachoka."

Nikashikwa na wazimu wa safari. Daftari langu la maandalio ya masomo likageuka daftari la likizo: vyandarua viwili, kwanga za muhogo za kula njiani, dawa ya malaria, kamba na ndoano kutoka sokoni. Nilikwenda bandarini kuuliza siku za ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, nikaambiwa nikae mbele, moshi usinifikie. Nikapanga hata asubuhi ya kutazama kasuku wakivuka mto. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni huku nikitabasamu, wanafunzi wakidhani nimechumbiwa.

Papa akakataa.

"Mimi siendi kule," alisema bila kuinua macho.

"Juu ya nini, papa? Nyonga?"

"Nyonga iko muzuri."

"Sasa juu ya nini?"

Akachukua fito nyingine. Hasira zangu haziko mbali, nami nikafoka: "Basi kaa hapo, usuke mpaka tukuzike na mitego yako!"

Neno likishatoka halirudi. Nilitamani ardhi inimeze. Papa aliweka fito chini, akautazama mfuko wangu wa sokoni.

"Ile ndoano ulileta," alisema, "sijue kuitumia."

Sikumwamini. Mtu aliyelisha nusu ya mtaa wetu kwa samaki? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Pale maporomokoni maji yenyewe husukuma samaki ndani ya mtego. Papa hakuwahi kushika kamba ya ndoano hata siku moja. Na kibaya zaidi, maisha yake yote aliwacheka wanaoishika. Wavuvi wa upande wa Yanonge walipofika mjini, aliwapigia kelele kutoka juu ya magogo: "Mutu muzima anaketi na kamba, anangoja samaki amuhurumie!" Kila mtu alikufa kwa kicheko, nami nikiwa mmojawapo. Sasa nilikuwa nampeleka kwa watu walewale.

"Batanicheka, ma fille."

Kama binti yake, nilitaka kumwambia hawatamcheka. Ingekuwa uongo.

"Bon, batacheka," nilisema. "Siku moja, mbili. Kisha?"

Akarudi kwenye fito zake. Siku ya safari nilifunga mizigo ya watu wawili bila kujua kama tutakuwa wawili. Nilipofungua mlango, papa alikuwa amesimama nje na shati lake la kanisani. Nusura nimrukie shingoni. Ndani ya mashua alitazama maji tu. Mimi niliongea kwa niaba yetu wote, nikionyesha kila kisiwa, kila ndege, mpaka nahodha akaniomba nipumue.

Kule kisiwani hukanyagi mchanga kabla hujamwambia mkuu wa kambi wewe ni nani na mikono yako inafanya kazi gani. Mkuu alikuwa shangazi wa mwalimu mwenzangu, mama mmoja mnene, mikono kiunoni, na kambi nzima nyuma yake. Papa alisimama ukingoni mwa mashua, akashika bega langu.

"Mimi ni mutu ya maporomoko," alisema kwa sauti. "Nilicheka batu ya ndoano maisha yote. Nimekuja munifundishe."

Kambi nzima ikalipuka kwa kicheko. Yule mama alijifuta machozi.

"Shuka, papa! Hata siye tulicheka batu ya maporomoko: mutu na akili yake anapanda muti katikati ya mayi!"

Papa akacheka. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akashuka akiishika. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu aanguke. Nilibaki ndani ya mashua nikijifanya natafuta sabuni, na kabla sijaipata alikuwa ameshaomba kamba.