Kuku wa Mtani

Kampuni yetu hununua asali na nta, na asali nzuri iko Tabora. Bosi aliponiita ofisini kwake Dar es Salaam na kuniambia ghala la huko linatafuta mkuu, nilikubali kabla hajafika kwenye habari ya nyumba. Wenzangu walikuwa wamekataa. Mmoja alisema kuna vumbi, mwingine mkewe hataki. Mimi nilikuwa nimechoka kuamrishwa na watu niliowafundisha kazi, na ghala hilo lingekuwa langu.

Kikwazo kilikuwa mama. Mimi ni mtoto wake wa pekee, moyo wake unamsumbua, na daktari alishasema asiachwe peke yake kule kwetu Bagamoyo. Nikamwambia tunahama wote.

"Na nikifa huko, nani atanizika?" aliniuliza. "Watu wasionijua?"

Nikamjibu kwamba hafi mtu, nikaendelea kufunga mizigo. Ndani ya treni alinuna. Baada ya Dodoma ndipo alipouliza kama ni kweli wazee wa misafara walikuwa wakipita njia hii kwa miguu. Nikasema ni kweli. "Hawakuwa na akili," akasema, akavuta khanga yake usoni.

Tulipanga nyumba Ipuli. Asubuhi ya kwanza jirani aliingia uani na bakuli la karanga za kuchemsha, mama wa Kinyamwezi, umri wake na wa mama yangu haupishani sana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mama. Akauliza sisi ni watu gani. Mama akasema Wazaramo.

"Asante Yesu!" jirani akapiga makofi. "Mtumwa wangu kaletwa mpaka mlangoni!"

Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu stesheni, akainua kidevu. "Mtumwa wako nani? Babu yako alibeba mizigo mpaka kwetu, alipoiona bahari akapiga magoti ainywe!"

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi, wakatukanana, wakala karanga, na mimi nikaenda kazini na moyo mweupe.

Utani nilikuwa naujua, nani asiyeujua? Shuleni tulifundishwa kwamba Wanyamwezi walifika pwani na mizigo mabegani, wamechoka, wengine wagonjwa, na kwamba waliowapa chakula na kuwazika waliokufa ndio waliokuja kuwa watani wao. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata vema. Lakini utani wangu mimi ulikuwa wa ofisini, wa Simba na Yanga.

Kisha mama akaugua. Siku tuliporudi kutoka hospitali nilimlaza mkekani sebuleni, hata kukaa hawezi. Jirani akaingia, akamkagua toka kichwani mpaka miguuni.

"Bado hujafa tu? Mwenzio nimeshanoa jembe."

Nilipandwa na hasira, nikamgeukia jirani. "Mama, hapa kuna mgonjwa. Kama huna la heri, mlango ule pale."

Aliokota kitenge chake akaondoka. Nilijiona nimemtetea mzazi wangu, na usiku huo nililala vizuri kabisa.

Baada ya hapo jirani alikuwa akitutupia salamu ya asubuhi kutoka upande wake wa ua, kwa adabu, kama anamsalimu karani wa benki. Kwetu hakukanyaga. Mama akaacha kula, na Jumapili moja akasema, "Nirudishe Bagamoyo."

"Na kazi yangu?"

"Kazi utapata nyingine. Mimi kaburi nitapata moja tu."

Msimu wa asali ulikuwa ndio umeanza. Warina asali wa Kaliua walikuwa wameanza kuniletea ndoo zao mimi, mgeni, badala ya wanunuzi waliowazoea. Nililia nyuma ya mapipa ya asali ghalani, kisha nikanawa uso. Kurudi nilikuwa sirudi, na mama simwachi. Alikuwa ameacha kula tangu nimfukuze jirani, kwa hiyo jioni nikamwambia nitakwenda kumwomba jirani radhi.

Mama alinitazama kama nimetapika mezani. "Mtani haombwi radhi! Ukimwomba radhi umemfanya mgeni. Nenda kachukue kitu chake."

"Kitu gani?"

"Kuku. Na akuone."

Kesho yake mchana, mkuu wa ghala, kitambulisho cha kampuni kikining'inia shingoni, niliingia uani kwa jirani akiwa anapepeta mtama, nikaanza kumkimbiza jogoo. Alinizungusha jiko mara mbili. Kiatu kikachomoka, nikaanguka, nikanyanyuka, nikamdaka mguu. Jirani alikuwa ameshika ungo, ananitazama tu.

"Wabeba mizigo nyie," nikasema, "kuku mmeanza kula lini?"

Ungo ukatua chini.

"Mwizi! Jamani, Mzaramo mwizi!"

Alinifukuza mtaa mzima akipiga yowe, watu wakatoka kwenye nyumba zao wakicheka, mpaka ndani kwetu. Hakuvua hata ndala. Akasimama juu ya mama pale mkekani, anahema, machozi yanamtiririka, sijui ya kicheko sijui ya nini.

"Umemtuma mwanao aniibie? Basi sikiliza. Siku utakayokufa nitashuka kaburini mwako nilale humo humo. Hawakuziki mpaka nimerudishiwa jogoo wangu!"

Mama alijiinua kwa kiwiko. Nilingoja tusi.

"Ushuke wewe mwenyewe," akasema taratibu. "Usitume mtu."

"Nitashuka mwenyewe."

Walitazamana. Kisha mama akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, jogoo akipapatika kwapani.

"Unangoja nini? Bandika maji, mtani wangu ana njaa."