Tulienda kwa mukutano na majembe

Jamani, leo mutaa muzima tumeona haya pamoja!

Jana mutu wa komini, ofisi ya serikali ya muji, alipita mutaa wetu wa Mbugangari na megafoni: "Kesho asubuhi, wote, shuleni!"
Sisi tukisikia hivyo tunajua ni umuganda, kazi ya pamoja. Tukaenda na majembe.

Kumbe ni mukutano.

Mukubwa wa komini iko pale na tai, anataka kutusomea malengo ya muji: soko, taa, mufereji wa mutaa wetu. Anatuangalia. Tunamuangalia. Mi nikaficha jembe nyuma ya mugongo, kama vile jembe inafichika!

Mama Furaha, muuza samaki ambaye mvua ikinyesha maji inaingia mpaka kitandani kwake, akasimama.
"Muheshimiwa, mufereji ni ya lini?"
"Mwaka kesho, mama."
"Bon, sawa. Majembe iko hapa leo."

Watu wakacheka. Mama Furaha hakucheka, akatoka na jembe yake.
Tukamufuata wote mpaka kwake. Mukubwa akavua tai, akaomba jembe. Akapewa yangu!
Tukachimba mpaka mufereji ikapita nyumba ya Mama Furaha.

Sasa hivi mvua inanyesha. Mama Furaha amesimama mulangoni, miguu kavu, anaangalia maji inapita na njia yake.

Jumamosi komini inatuita tena. Wanasema ni mukutano tu.
Nani anakuja bila jembe?