Hirizi Niliyoinywa Mbele ya Kamati

Jambo hili nimelificha tangu miaka ya tisini, na hata sasa naandika uso unaniwaka, lakini mke wangu ameshaanza kulisimulia kwenye harusi za watu, basi afadhali mlisikie kwangu.

Nilikuwa nimemaliza udaktari Toronto, katika dini ya Kichina iitwayo Utao (naam, mtoto wa Tanga, ndugu zangu walidhani nasomea kuchoma watu sindano), na nafasi ya kuifundisha chuoni ikatokea, moja tu, wakati mke wangu Mwanaidi ana mimba ya miezi minane katika chumba chetu kimoja kule Downsview. Nikiikosa, narudi ghalani kupakia maboksi.

Siku mbili kabla ya usaili nikapanda hekaluni, juu ya duka la mboga, kwa Mzee Wong, kuhani aliyevumilia maswali yangu miaka minne. Nikamlilia usaili, kamati, mke, mimba, vyote kwa pumzi moja. Akanichorea hirizi kwenye karatasi ya njano. "Ichomwe, majivu yatiwe kwenye maji, yanywewe." Sisi tuliokunywa kombe tangu utotoni, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, nani huuliza zaidi? Nikaitia mfukoni, na kwa adabu za kwetu nikamwalika aje anisikilize nikitoa somo la majaribio mbele ya kamati.

Siku yenyewe nilifundisha vizuri, haki ya Mungu, mpaka nikamwona mwenyekiti wa kamati anapiga miayo, nikaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Nikafungua dirisha ili king'ora cha moto kisilie (theluji ikamwangukia mama mmoja mapajani), nikachoma ile karatasi ya njano kwenye bakuli, nikatia maji, nikakoroga, nikanywa yote, kisha nikatangaza, midomo imejaa masizi, kwamba hii ni hirizi ya mtahiniwa, ya kumfungua ulimi.

Nyuma kabisa Mzee Wong akasimama.

"Umeinywa wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa mkeo atajifungua na nini? Ile ni ya kumharakisha mtoto atoke!"

Kurasa mia tatu nimeandika juu ya hirizi, na yangu mwenyewe sikuisoma. Mwenyekiti, usingizi umemwisha kabisa, akaniuliza kwa upole, "Daktari, tuendelee, au tuite gari la wagonjwa?"

Nyumbani Mwanaidi alicheka mpaka akashika ukuta. "Pole mume wangu. Na uchungu umeshaanza?"

Barua ya kunikataa ilifika kabla ya mtoto, aliyechelewa wiki mbili nzima, na kila siku ya wiki hizo aliyelaumiwa ni mimi, nikitoka ghalani mgongo unaniuma. Mzee Wong alichora nyingine, ila safari hii aliileta mwenyewe hadi mlangoni, akamkabidhi Mwanaidi mkononi, nami nikaamriwa nikae mbali na kikombe.

Tangu hapo nikipewa dawa yoyote, hata ya kikohozi, nauliza kwanza ni ya nani.